Uchumi mwaka wa kwanza: msisahau kugawanya kwa bei

Wadogo zangu mnaoanza uchumi pale Mlimani, mada ya chaguo la mlaji itawafikia mapema na mtaiona nyepesi. Hapo ndipo wengi wanapolala. Kwenye semina za mwaka wa kwanza nakutana na mwanafunzi anayeighani kanuni bila kukwama, kwamba kila ukiongeza kipimo kimoja cha kitu, manufaa (ridhiko unalolipata) ya hicho cha mwisho hupungua. Mpe jedwali lenye bei, kalamu inasimama.

Kinachomkwamisha ni bei. Anatafuta mahali ambapo manufaa ya ziada, yaani ya kipimo cha mwisho, ya bidhaa mbili yanalingana, wakati kinachotakiwa kulingana ni manufaa ya ziada kwa kila shilingi. Chukueni daftari mfanye hii kwa mkono.

Jioni uko Mwenge na shilingi 3,500. Mshikaki mmoja ni 500, glasi ya juisi ya miwa 1,000. Mshikaki wa kwanza una manufaa 50, wa pili 40, halafu 30, 20, 10. Glasi ya kwanza 80, ya pili 60, halafu 40, 20. Aliyesahau bei anaona 40 na 40, anachukua mishikaki miwili na glasi tatu. Jumla 4,000, hela haitoshi. Sasa pigeni hesabu ya juisi kwa kila mia tano: 40, 30, 20, 10. Mshikaki wa tatu unatoa 30 kwa mia tano, glasi ya pili nayo 30 kwa mia tano. Mishikaki mitatu na glasi mbili ni 3,500 kamili, na jumla ya manufaa ni 260. Jaribuni kuharibu chaguo hilo: toeni mishikaki miwili muongeze glasi, mnapata 230. Toeni glasi muongeze mishikaki miwili, 230 tena. Kusogeza huku na huku namna hiyo ndiko kunakoonyesha kanuni imetoka wapi, na madesa ya kaka zenu hayawezi kuwafanyia kazi hiyo.

Tupandishe juisi hadi 1,500. Chaguo bora linakuwa mishikaki minne na glasi moja, manufaa 220. Bei imepanda, juisi imeshuka kutoka glasi mbili hadi moja: mmeshapata nukta mbili za mkunjo wa mahitaji, ule mchoro wa bei na kiasi kinachonunuliwa. Angalieni jambo moja ambalo watunga mitihani wanalipenda. Hapa usawa haupo: glasi ile ya kwanza inatoa karibu 27 kwa mia tano, mshikaki wa nne 20. Usiandike kwamba swali lina kosa. Vitu visivyokatika vipande mara nyingi havilingani kamili, kwa hiyo unapanga kuanzia kinachotoa zaidi kwa shilingi, unashuka hadi hela iishe, kisha unalinganisha jumla na michanganyiko ya jirani ili ujiridhishe.

Mtaulizwa pia kitendawili alichokitaja Adam Smith mwaka 1776: kwa nini maji, yanayobeba uhai, ni rahisi, na almasi ni ghali? Mkazi wa hosteli Dar analo jibu mkononi. Maji yakikatika, dumu la kwanza ni la kunywa na kupikia, la pili la kuoga, la tatu la kufua, la nne la kupiga deki. Bomba likitiririka wiki nzima, dumu unalolifikiria ni lile la deki, nalo hulipii sana. Almasi ya Mwadui ni chache, kwa hiyo ile ya mwisho bado iko juu. Bei inafuata manufaa ya kipimo cha mwisho. Manufaa ya jumla ya maji yanabaki makubwa mno. Ukitenganisha hivyo viwili kwenye jibu lako, umeshavuna alama nyingi.

Majina hayakwepeki, lakini ni machache. Mjerumani Heinrich Hermann Gossen aliichapisha kanuni hii ya kusawazisha manufaa kwa kila shilingi mwaka 1854, karibu hakuna aliyemsoma. Wanauchumi Jevons na Menger, kila mmoja kivyake, walitoa vitabu vyao mwaka 1871, Walras akafuata 1874. Marshall akaifanya kuwa somo la darasani kuanzia 1890.

Halafu mtamsikia mhadhiri akisema manufaa hayapimiki kwa namba, na mtajiuliza kwa nini basi mlisumbuliwa na 50 na 80. Wanauchumi Hicks na Allen walionyesha mwaka 1934 kwamba kujua mnunuzi anapenda kipi kuliko kipi kunatosha. Zidisheni namba zote za jedwali letu kwa kumi, chaguo ni lilelile. Namba ni jukwaa la fundi, nyumba ikisimama linabomolewa. Binafsi naona ni vizuri kulipanda kwanza kabla ya kurukia mikunjo ya kutojali, ile inayounganisha michanganyiko ambayo mnunuzi anaipenda sawasawa, ingawa wapo wahadhiri wanaoanza na mikunjo moja kwa moja.

Mkifika kwenye mbinu ya Lagrange, hesabu ya kutafuta chaguo bora bajeti ikiwa na kikomo, ile herufi lamda inayowatisha watu ni manufaa ya shilingi ya mwisho ya bajeti. Rudini kwenye bei za mwanzo, punguzeni mia tano kwenye ile 3,500, mchague upya, mwone jumla inashuka kwa ngapi.