Maswali ya Wasomaji: Nimepigwa tochi, je, nikilipa faini yamekwisha?

SWALI: Ndugu Mhariri, wiki iliyopita nilisimamishwa na trafiki kwenye Barabara ya Bagamoyo nikielekea Tegeta, nikaambiwa kuwa tochi imesoma kilomita 71 kwa saa mahali penye kibao cha 50. Gari ni la shemeji yangu, ambaye alikuwa amenituma mzigo. Wenzangu kazini wamegawanyika: baadhi wanasema nikilipa faini yamekwisha, wengine wananishauri nisilipe kabisa kwa sababu hakuna atakayenifuata. Nimsikilize nani? Msomaji, Tegeta.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu, lakini usiwasikilize wote wawili.

Notisi uliyopewa inatokana na kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, nayo inakuachia njia mbili: kukubali kosa na kulipa, au kulikana ili shauri lipelekwe mahakamani. Madereva wengi huilipa kama wanavyolipa ushuru wa maegesho, bila kutambua kwamba anayelipa amekiri kosa. Kwa hiyo, kama una shaka ya kweli kwamba kipimo hicho ni cha gari lako, omba kuoneshwa picha yenye namba ya gari, mwendo, saa na mahali, kisha ndipo uamue. Kama huna shaka, lipa mapema. Usikubali kamwe kumalizana na askari pembeni, maana sheria ya kupambana na rushwa humshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, na ukiombwa fedha unaweza kuwapigia TAKUKURU bila malipo kwa namba 113.

Kutolipa ndiko kubaya zaidi kwako, kwa kuwa deni husajiliwa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Shemeji yako anaweza kusimamishwa Ubungo au Kibaha akiwa na safari zake, askari akaingiza namba na kukuta deni asilolijua, ambalo kwa kuchelewa litakuwa limekwisha kuongezewa adhabu. Mwambie leo.

Faini ya papo kwa papo kwa gari, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika jambo hili, na nasikitika kwamba udogo wake umewafanya watu waone mwendo kasi kuwa kosa la kulipia tu. Umbali ambao gari huhitaji kusimama baada ya kukanyaga breki hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari linalokwenda kilomita 71 huhitaji takriban mara mbili ya umbali linaouhitaji likiwa kwenye 50. Kwenye barabara ambayo watoto wa shule huvuka na abiria huteremka kwenye daladala, tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Ukimgonga mtu akafariki, hapatakuwa tena na notisi: utashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari chini ya kifungu cha 40, kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifungo, na mahakama ina mamlaka ya kukuzuia kuendesha gari.

Kesi ya jinai haifuti madai ya fidia. Familia ya aliyeumia inaweza kukushtaki kwa madai ndani ya miaka mitatu, na kwa kuwa ulikuwa umetumwa na mwenye gari, yeye pia anaweza kuunganishwa katika shauri hilo. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, ipo kwa ajili ya huyo aliyeumizwa. Gari la shemeji yako likiharibika, bima hiyo hailitengenezi, na gharama itabaki kati yenu wawili. Muulize ana bima ya aina gani kabla hajakukabidhi ufunguo tena.