Rangi ya roketi imejikunja na mapezi yanaonyesha nyuzi za mbao, tuanze upya?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwalimu wa fizikia huku Tororo. Dada yangu alirudi kutoka Marekani akatuletea seti ya roketi ya modeli ya Estes, ile ya bomba la karatasi, mapezi matatu ya balsa na pua ya plastiki, ila mota haikuwemo. Tumeijenga na watoto wa klabu ya sayansi, tukapiga rangi nyeupe ya kopo, kesho yake jioni tukaweka nyekundu ya kopo lingine, ikajikunja yote. Mapezi yanaonyesha nyuzi za mbao, bomba lina mstari unaozunguka toka juu mpaka chini, pezi moja limepinda. Tulitaka rangi za bendera ya Uganda. Tuanze upya? Na rangi ikizidi itaruka kweli? Mota tunapata wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na poleni. Msitupe kitu, hiyo inaokoka. Kazi yangu ni modeli za nyumba, zile maakitekti wa hapa Kampala wanaonyesha wateja wao kabla hata msingi haujachimbwa, kwa hiyo balsa, karatasi na makopo ya sprei ndo vinanilisha, na nakwambia karibu kila mtu anayekuja kwangu na kilio cha rangi, shida yake haikuanzia kwenye rangi. Rangi ya kopo ni nyembamba sana. Haizibi tundu, haifuniki mstari, na ikiwa ya kung'aa ndo inakuonyesha vizuri zaidi kila ulichokiacha chini.

Tuanze na kujikunja maana hapo msipoelewa mtarudia tena. Nyeupe yenu naamini ilikuwa ya mafuta, ile ya enameli, na nyekundu ilikuwa ya jamii ya NC, yaani nitroselulosi, ile inayokauka haraka kwa thina kali, au akriliki ya magari, makopo yanafanana dukani na muuzaji anakwambia zote ni sprei tu ssebo chukua. Enameli ukiigusa baada ya masaa machache unaona imekauka lakini bado, inaendelea kukomaa siku kadhaa kwa kuvuta hewa ya oksijeni, sasa ukiileta NC juu yake na thina yake kali, ile thina inazama chini, inaivimbisha enameli iliyokuwa haijakomaa, inainua, ndo unapata yale makunyanzi. Ya mafuta inaweza kukaa juu ya NC iliyokauka kabisa, kinyume chake hapana. Na hata mkitumia ya mafuta juu ya mafuta someni nyuma ya kopo, mengi yanasema mkono wa pili upige ndani ya saa moja au usubiri siku mbili, katikati hapo usiguse. Nyie mlipiga kesho yake jioni, yaani mngeweza kuharibu hata kwa kopo lile lile.

Kuitoa: msitumie thina, tafadhali. Pua ni plastiki, itayeyuka mkiiangalia, na bomba ni karatasi, litalainika. Iacheni roketi wiki moja mahali pakavu rangi ikomae iwe ngumu, maana rangi laini inaziba msasa tu na kuviringika. Halafu msasa mkavu, namba 220 kwenye makunyanzi, mkishafikia usawa nendeni 320. Kwenye mapezi mfike mpaka mbao yenyewe. Kwenye bomba hamna haja ya kufika kwenye karatasi, mkifika kwenye rangi nyeupe iliyotulia simameni hapo, maana karatasi ikishachubuka inaota manyoya na manyoya hayo hayasagiki, yanalala tu chini ya msasa na kuinuka tena ukipiga rangi. Yakiota, tone moja la supagluu ya maji maji lipake hapo kwa kijiti, ligande, ndo usage. Msikae kwenye chumba kilichofungwa na watoto, vumbi la rangi si zuri, vaeni barakoa.

Sasa mapezi, hapa ndo kwenye kazi. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, nyingi inatoka Ecuador, mwepesi ajabu kwa sababu ndani ni mishipa mikubwa mitupu, na mishipa hiyo ikikatwa inabaki vijifereji juu ya uso wa ubao. Ukipiga rangi inazama kwenye vijifereji, unapiga tena, inazama tena, mwisho umemaliza kopo na nyuzi bado ziko pale zinakuchekea. Lazima uzibe kwanza. Mafundi samani wa Nsambya hapa Kampala wanatumia sanding sila, ile dawa ya kuziba matundu ya mbao, nendeni kwa fundi samani yeyote hapo Tororo awapimie kidogo kwenye kichupa hamna haja ya kununua lita nzima. Ila angalieni, hiyo sila ni jamii ile ile ya NC, ikigusa enameli iliyobaki kwenye bomba mtaona makunyanzi tena, ndo maana nimesema kwenye mapezi mfike mpaka mbao na kwenye bomba mzibe kwa masking tepu na karatasi. Pakeni kwa brashi laini, mkono mwepesi, ikauke, sageni kwa 400 mpaka ubao uwe laini na vumbi jeupe, pakeni tena. Mikono mitatu au minne inatosha. Mtajua mmefika mkishika pezi mkaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha mkaona uso mmoja tu unaong'aa sawasawa, hakuna vistari vyeusi vyeusi vya matundu. Vikiwepo hata viwili vitatu, rangi itawaonyesha darasa zima.

Na pande zote mbili siku hiyo hiyo, pezi likipakwa upande mmoja likaachwa linavutwa na upande ule, nafikiri ndo chanzo cha lile lililopinda, au nyuzi za ubao hazikufuata ukingo wa mbele wa pezi. Nyuzi zikifuata ukingo wa mbele pezi linakuwa na nguvu, zikikatiza linapinda na siku ya kutua linavunjika. Lililopinda linyoosheni kabla ya sila, likiwa mbao tupu: lipitisheni juu ya mvuke wa birika sekunde chache tu, likunjeni kidogo upande wa pili kupita pale mnapotaka liishie, lishikeni mpaka lipoe na kukauka. Mvuke usifike kwenye bomba, viringisheni kitambaa. Pezi likibaki limejipinda kidogo roketi haitaanguka kwa sababu hiyo, itazunguka tu kama pia huku inapanda, na kuzunguka huko kunakula urefu wa safari.

Mkiwa hapo tazameni gundi kwenye maungio ya mapezi na bomba. Gundi nyeupe ya mbao ndo sahihi kwa karatasi na balsa, supagluu inashika haraka lakini ungio lake linakatika kwa kishindo. Vuteni mstari mwembamba wa gundi kila kona, ulainisheni kwa kidole kilicholowa, roketi ilale ubavu mpaka ikauke isije ikachuruzika.

Mstari wa kuzunguka bomba ni kiungo cha karatasi, bomba linaviringwa kwa utepe wa karatasi ule mshono unabaki. Wenye haraka wanauacha na roketi inaruka vile vile. Mkitaka upotee, chukueni fila ya mbao ya kuchanganya na maji, jazeni mshono peke yake kwa kadi ya simu iliyokwisha, ikauke, sageni. Hii ya maji haigombani na enameli.

Baada ya hapo praima, ile rangi ya msingi, ya kijivu, ya mafuta au ya maji lakini muhakikishe ni familia moja na rangi mtakayoweka juu, nunueni zote siku moja za kampuni moja, mtalala usingizi. Praima ya kijivu inaonyesha kila kosa, mnasaga mnarudi. Nyingi mtaisaga itoke na ndivyo inavyotakiwa. Pua ioshwe na sabuni kwanza kisha ule mshono wa plastiki ubavuni usagwe kwa 400.

Kupiga: viringisheni gazeti liingie nyuma mahali pa mota, kwenye fimbo, mnaishika hapo na kuizungusha. Kopo liwe sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye roketi, anzeni kunyunyiza hewani, piteni juu ya roketi, malizieni hewani, usisimame. Mikono mingi myepesi. Msipige jioni wala mvua ikinusa, na hii miezi ya mvua ya Machi mpaka Mei mnaijua wenyewe, unyevu unaingia kwenye rangi ya NC inageuka ukungu mweupe. Saa nne asubuhi jua likishapasha ndo saa yangu, ndani ya boksi kubwa la TV lililolazwa ubavu ili vumbi la boda lisifike.

Bendera: anzeni na njano, halafu nyekundu, nyeusi mwisho, kwa sababu nyeusi inafunika zote na njano haifuniki chochote. Njano inataka nyeupe chini yake, juu ya kijivu inakuwa rangi ya matope. Kabla ya kubandika tepu kila mara subirini siku mbili tatu, na mkishabandika pigeni kwanza mkono mmoja wa ile rangi ya chini kwenye ukingo wa tepu, izibe mwanya, ndo mpige mpya, mstari utatoka umekatwa kwa wembe. Korongo msijaribu kumchora kwa mkono, Nasser Road hapa Kampala wanakata stika za saizi yoyote. Na kama watoto wanataka kuandika PearlAfricaSat-1 ubavuni waacheni, satelaiti yetu ya kwanza ilipanda mwezi wa 11 mwaka 2022 kutoka Virginia ikiwa ndani ya roketi ya Antares, na yenyewe ni kiboksi cha sentimita 10 tu kila upande, wengi darasani watashangaa.

Uzito sasa. Swali lenu ni zuri maana shida ya rangi si kwamba ni nzito, shida ni kwamba nyingi inakaa kwenye mapezi, nyuma, na nyuma ikizidi roketi inageuka geuka hewani. Sheria ya wanaorusha ni kwamba sehemu ya uzito kusawazika iwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa kwa angalau upana mmoja wa bomba. Jazeni roketi kama inavyoruka, parashuti ndani, na mahali pa mota wekeni kibomba cha karatasi chenye mchanga, mota ya C6 (namba hizi naeleza hapo chini) ina kama gramu 24, pimeni kwenye mzani wa dukani. Isawazisheni juu ya ukingo wa rula, wekeni alama. Kitovu cha hewa James Barrowman wa NASA alitoa hesabu zake mwaka 1966, kwa mwalimu wa fizikia ni somo tamu, lakini njia ya haraka ni kukata kivuli cha roketi kwenye karatasi ngumu na kukisawazisha hicho. Jibu lake linakuja mbele kidogo ya ukweli kwa hiyo likikosea linakosea kwa upande wa usalama. Kisha fungeni uzi kwenye alama ya uzito, mita mbili tatu, uwanjani, mzungushe roketi juu ya kichwa. Ikitangulia na pua iko sawa. Ikienda kinyumenyume au ubavu, ongezeni plastisini kidogo ndani ya pua mjaribu tena.

Mota zinapangwa kwa herufi kulingana na jumla ya msukumo: A inatoa hadi nyutoni-sekunde 2.5, B hadi 5, C hadi 10, kila herufi inazidisha mara mbili. B6-4 maana yake wastani wa nguvu nyutoni 6, na ikishaungua inasubiri sekunde 4 kabla ya kusukuma parashuti. Ndani ni baruti, kwa hiyo dada asiziweke kwenye begi la ndege, la mkononi wala la chini, haziruhusiwi. Kabla ya kuagiza kokote nendeni polisi muulize kuhusu kibali cha vilipuzi, na mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu kurusha, hapo Tororo mna uwanja mdogo wa ndege. Na mwanafunzi yeyote akisema tutengeneze wenyewe kwa vichwa vya viberiti au sukari na mbolea, mkatalieni siku hiyo hiyo. Mota za kiwandani zipo kwa sababu hiyo, baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957 vijana wa Marekani walikuwa wanajaza mabomba ya chuma wanaumia, mwaka uliofuata Vern Estes, mwenye jina lililo kwenye seti yenu, akaunda mashine ya kuzitengeneza zikiwa zote sawa. Mkiwa mnangoja kibali, chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli inaruka vizuri tu.

Jambo ambalo hamkuuliza: lile shingo la pua linaloingia ndani ya bomba lisipigwe rangi kabisa, lizungushieni tepu kabla ya praima, na mdomo wa bomba kwa ndani pia. Rangi ikijaa hapo pua inabana, parashuti haitoki. Geuzeni roketi kichwa chini, pua isidondoke yenyewe. Ivuteni kwa vidole viwili, itoke bila kulazimisha. Ikibana sageni shingo, ikilegea bandikeni kipande cha tepu.