Kamera ya balbu kwa kupiga mawingu? Pesa irudishe mfukoni kwanza

Usinunue. Hiyo kamera ya balbu ya elfu sitini uliyoweka picha yake, ile yenye umbo la balbu inayofungwa kwenye soketi ya taa, usiinunue. Kama umeshampa muuzaji kitangulizi, kamfuate leo akurudishie, kesho atakuwa ameshaila.

Nimekusoma: uko Moshi, una kompyuta ya zamani ya Windows 7 yenye RAM ya GB 2, unataka kamera ikae juu ya paa ipige Kibo na mawingu yake kutwa nzima, halafu picha ziunganishwe ziwe video fupi. Umeuliza kamera gani ya bei poa, programu ipi, ipige kila baada ya muda gani, na mvua utaikwepaje. Wadau wawili hapo juu wamekujibu "chukua hiyo ya balbu, ni ya nje, ina waifai, picha safi". Hao ndio nina ugomvi nao, maana maneno hayo hayo ndiyo yaliyonilia hela mimi.

Nipo Tanga. Nilitaka kupiga maji ya bamvu, bahari inavyokupwa mpaka ngalawa zinalala mchangani, kisha inajaa tena. Nikaenda dukani, nikamweleza kijana shida yangu mwanzo mpaka mwisho. Nikauliza, picha nitazipata kwenye kompyuta? "Bro, hii inaingia popote." Hata kompyuta ya zamani? "Yoyote ile." Na kweli inaingia popote, isipokuwa kwenye kompyuta.

Nyingi ya kamera hizi zinafanya kazi hivi: inashika waifai, inapeleka picha kwenye seva ya walioitengeneza, huko ng'ambo, na wewe unatazama kupitia programu yao ya simu. Basi. Kompyuta iko mita tatu kutoka kwenye kamera na hazina la kuambiana. Kamera za maana zina RTSP, njia ya kuvuta video kutoka kwenye kamera moja kwa moja: unaandika anwani ya kamera kwenye VLC, ile programu ya bure ya kuchezea video, picha inatokea, hakuna cha seva wala cha bando. Nyingi zina na ONVIF, utaratibu unaofanya kamera za makampuni tofauti zielewane na programu za watu wengine. Ya kwangu haikuwa na hiki wala kile. RTSP kwa kawaida hupitia mlango wa mtandao (port) namba 554. Nilibisha hodi kwenye mlango huo mpaka nikaanza kujionea huruma.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nikashusha emuleta ya Android ili kompyuta ijifanye simu, humo ndani nikafungua programu ya kamera, halafu programu nyingine iwe inapiga picha ya skrini kila dakika. Kwenye prosesa ya kizee, Core 2 Duo! Feni ililia mpaka jirani akauliza kama nimefungua mashine ya kukoboa. Picha zilitoka, ndiyo, zikiwa na tangazo la kulipia hifadhi ya mtandaoni katikati ya bahari. Bando nalo likawa linayeyuka, kwa sababu kamera inapeleka video kwenye seva na kompyuta inaivuta irudi. Mita tatu za hewa, mimi nalipia safari ya ng'ambo kwenda na kurudi. Nikanunua memori kadi nikidhani nitakuwa naichomoa tu. Vipande vya video vilivyomo vikawa vinafunguka kwa programu yao peke yake. Siku ya bamvu lenyewe umeme ukakatika, uliporudi programu ikataka nenosiri upya na mimi niko kazini. Maji yakapwa, yakajaa, bila shahidi. Sasa hivi mke wangu anaitumia kuangalia banda la kuku na anaisifia sana. Kwa kuku sibishi.

Nilirudi dukani. Unajua aliniambia nini? "Bro, hukusema unataka RTSP." Ningesemaje? Nikienda famasi na kikohozi, nadaiwa kutaja kemikali? Na nyie mnaojibu "picha safi", mmeziona kwenye simu ya nani? Kuna hata mmoja wenu aliyewahi kutoa picha kwenye hiyo balbu ikaingia kwenye diski ya kompyuta yake? Aiweke hapa tuione.

Kwa hiyo sikia: BEBA KOMPYUTA YAKO DUKANI. Hiyo hiyo nzito, betri iliyokufa, na chaja yake, na waya wako wa mtandao. VLC iwe imeshawekwa ukiwa nyumbani. Chomeka kamera, muuzaji akupe anwani yake ya RTSP, fungua. Picha ikitokea na ikakaa kama dakika tano bila kuganda, ndipo utoe pesa. Kuonyeshwa kwenye simu ya muuzaji si kujaribu, ni kuangalia sinema.

Hiyo "bila kuganda" nimeisema makusudi. Kamera nyingi za sasa zinatoa video ya H.265, ambayo inabana vizuri ila kuifungua ni mateso kwa prosesa ya zamani. Ingia kwenye mipangilio uirudishe H.264, au utumie mkondo wake mdogo, yaani ile video ya pili nyepesi ambayo kamera inaitoa sambamba na kubwa. Lakini dili lenyewe ni kupata kamera inayotoa picha moja moja ya JPEG kwa anwani yake: unafungua kwenye kivinjari, picha hii hapa, unafungua tena, picha mpya. Hapo kompyuta haifungui video yoyote, inapokea faili na kuliweka, kazi ambayo hata Pentium inaimudu. Kamera za waya za mtumba, zile zinazong'olewa maofisini wanapobadilisha mfumo wa ulinzi, nyingi zinaweza hilo. Nyingine ukurasa wake wa mipangilio unafunguka kwa Internet Explorer tu, ndiyo maana watu wanazikimbia na bei inaanguka. Wewe mwenye Windows 7 ndiye mteja wanayekusubiri. Yangu ya sasa ni ya hivyo, megapikseli 2, kioo kina mkwaruzo pembeni, na niliipata kwa bei ya chini kuliko ile balbu ya mama kuku.

Webukamu ya USB uliyoigusia mwishoni? Waya wa USB 2.0 kikomo chake ni mita 5. Kutoka kwenye kompyuta mpaka juu ya paa ni mita ngapi? Waya wa mtandao unakwenda mpaka mita 100, na kamera ikiwa ya PoE umeme unapita humo humo, ila utahitaji swichi au injekta yake.

Muda: maji nayapiga kila sekunde 30. Kwa muda wa saa 12 ni picha 1,440, ukizicheza 24 kwa sekunde unapata dakika moja kamili. Mawingu yana mbio kuliko maji, shuka mpaka sekunde 10 hivi, na uanze alfajiri, maana mlima huo ukichelewa unajifunika na kutwa nzima utakuwa unapiga weupe. Giza likiingia zima taa za infraredi, zile za kamera za kuonea gizani. Zinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, na asubuhi utakuta umepiga utando.

Muuzaji akisema "hizi hatujaribu kwa kompyuta", usibishane naye, ondoka. Akisema duka halina waya wa mtandao, ndiyo sababu nimekuambia uende na wako. Ukishaishika mkononi piga picha ya kile kibandiko cha chini chenye jina la modeli, uiweke hapa kabla hujalipa. Nipo hewani mpaka saa nne usiku.