Maswali na Majibu: Albamu Mpya za Wakongwe wa Roki Nzito

Barua za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, bendi zilizoanza miaka ya 1960 na 1970 bado zina jipya la kutuambia? Nazijibu kwa mfuatano zilivyofika.

Kwa nini wakongwe hawa wanarekodi nyimbo mpya, ilhali mashabiki wanaojaa viwanjani wanataka zile za zamani?

Kwa sababu bado ni watunzi. Kipato cha bendi kubwa siku hizi hutokana zaidi na ziara kuliko mauzo ya albamu, kwa hiyo Judas Priest, bendi iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1969, ingeweza kuzunguka dunia na nyimbo zake za miaka ya 1980 pasipo kuongeza hata moja. Badala yake, Machi 2024 ilitoa albamu ya Invincible Shield, miaka 50 baada ya albamu yake ya kwanza, na humo mwimbaji wake Rob Halford, aliyekuwa na umri wa miaka 72, anapanda sauti za juu ambazo waimbaji wengi wa rika la wajukuu zake wangezikwepa. Mimi naiweka mbele ya kazi zao kadhaa za ujanani, wala sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma.

Mpiga gitaa wao, Glenn Tipton, anaugua Parkinson, maradhi ya ubongo yanayotetemesha na kukakamaza viungo. Je, ni haki kuiita albamu hiyo kazi yake pia?

Ni haki kabisa. Tipton alijiunga na bendi mwaka 1974. Februari 2018, wiki chache kabla ya albamu ya Firepower kutoka, ilitangazwa kwamba maradhi hayo hayamruhusu tena kuhimili ziara nzima, na Andy Sneap, mmoja wa watayarishaji wa albamu hiyo, akashika nafasi yake jukwaani. Lakini muziki huu hujengwa juu ya kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa hadi kiwe uti wa mgongo wa wimbo, na uwezo wa kukibuni kipande hicho haupotei kwa sababu vidole vimepungukiwa kasi. Ndiyo maana Invincible Shield inamtaja Tipton kuwa mtunzi pamoja na Halford na Richie Faulkner, mpiga gitaa mwenzake. Faulkner naye ana habari yake: Septemba 2021, akiwa jukwaani mjini Louisville, Marekani, mshipa mkuu utokao moyoni ulipasuka, naye akaumaliza wimbo kabla ya kukimbizwa kufanyiwa upasuaji mkubwa. Anayesema wazee hawa wanarekodi kwa mazoea tu hajafikiria wanachokipitia ili warekodi.

Malcolm Young, mpiga gitaa wa bendi ya AC/DC, alifariki mwaka 2017. Imekuwaje ametajwa kuwa mtunzi wa albamu ya Power Up, iliyotoka mwaka 2020?

Ndugu hao wawili, Malcolm na Angus, walikuwa wamejiwekea akiba kubwa ya vipande vya nyimbo ambavyo havijatumika. Angus alirudi kwenye akiba hiyo, na nyimbo zote 12 za albamu zimeandikwa kwa majina yao wote wawili. Gitaa la kusindikiza, alilokuwa akilipiga Malcolm, linapigwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yao. Mwimbaji Brian Johnson, aliyelazimika kuiacha ziara ya 2016 kwa matatizo ya masikio, naye amerudi kuimba. Kwangu mimi hiyo ndiyo tanzia bora ambayo bendi ya roki imewahi kumwandalia mwenzao, kwa kuwa haina hata wimbo mmoja wa kilio.

Mbona albamu za siku hizi ni ndefu mno?

Santuri ilimudu takriban dakika 20 hadi 25 kila upande, na kikomo hicho kiliwalazimisha watunzi kuchuja; siku hizi hakiwabani tena. The Number of the Beast ya Iron Maiden, ya mwaka 1982, ina takriban dakika 40. Senjutsu ya bendi hiyohiyo, ya mwaka 2021, ina karibu 82, na nyimbo zake tatu za mwisho, zote zilizotungwa na mpiga besi wao Steve Harris, kila mmoja unazidi dakika 10. Urefu huo naukubali, kwa sababu nyimbo hizo husafiri kutoka hali moja hadi nyingine. 72 Seasons ya Metallica, ya 2023, yenye dakika 77, ingefaidika kwa kupunguzwa nyimbo tatu au nne.

Deep Purple wamebadilisha mpiga gitaa. Je, ladha imebaki?

Imebaki. Simon McBride alishika nafasi ya Steve Morse, aliyeondoka mwaka 2022 ili amuuguze mkewe, na albamu yao ya Julai 2024, iliyopewa jina =1, ina uchangamfu ambao sikuutarajia.

Kijana wangu wa miaka 15 ameanza kuupenda muziki huu. Nimwanzishie wapi?

Mwanzishie Power Up, kwani ina dakika 41 tu na midundo yake haimchanganyi mgeni, kisha mpe Invincible Shield. Msikilize pamoja, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwenye spika kubwa badala ya simu, kwa maana ngoma na besi za muziki huu hupotea katika spika ndogo.