Daftari la Mwaka wa Barakoa: Wasomaji Wanauliza

Toleo lililopita niligusia kwamba mwaka 2020, mwaka wa korona, nilikuwa nakesha kwa bando la usiku nikisikiliza mazungumzo ya wataalamu wa uchumi, na kwamba kila walichotabiri nilikiandika kwenye daftari lenye jalada gumu, na tarehe pembeni. Kwa kumbukumbu ya wasiojua, nilikaa dirisha la mikopo benki miaka 28 kabla ya kustaafu na kurudi kwenye zabibu zangu Hombolo. Barua zimekuja nyingi. Nimechukua nne.

*Shikamoo mzee. Nafundisha somo la biashara sekondari hapa Kondoa. Wanafunzi wameniuliza nikakwama: Aprili 2020 Wamarekani wanazikana na kuachishwa kazi, huku soko lao la hisa linapanda. Nimesikiliza wataalamu wakieleza, nikatoka na maneno mengi kuliko maelezo. Hivi soko lile lina akili timamu?*

Marahaba mwalimu. Waandikie ubaoni tarehe kwanza. Tarehe 19 Februari 2020 kipimo cha S&P 500, kinachobeba kampuni kubwa 500 za Marekani, kilikuwa kileleni. Tarehe 23 Machi kilikuwa kimeanguka kwa takriban asilimia 34. Mwezi mmoja tu na siku chache. Ndani ya Machi hiyo biashara ilisimamishwa kwa lazima mara nne, kwa dakika 15 kila mara, ili watu wapumue. Halafu likageuka. Aprili ukosefu wa ajira ulipofika asilimia 14.7, hisa zilikuwa tayari zinapanda, na tarehe 18 Agosti zikavuka kilele cha Februari.

Sasa wapeleke wanafunzi wako Kibaigwa, kwa mawazo tu kama nauli haipo. Mfanyabiashara anayeingiza gunia ghalani mwezi wa saba haangalii njaa ya leo, maana mwezi wa saba hakuna njaa. Anaangalia Februari. Ndiyo maana bei inaweza kupanda siku ambayo kila mtu ameshiba. Soko la hisa ni hivyohivyo: wanaonunua Aprili hawanunui Aprili, wananunua faida ya miaka inayokuja. Wakiona kuna mkono unaozuia watu wasifilisike wote kwa pamoja, wanarudi hata kama makaburi bado yanachimbwa. Inauma kusikia, lakini ndivyo kilivyo chombo chenyewe.

Na mkono ulikuwepo. Tarehe 15 Machi Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi kati ya sifuri na asilimia 0.25. Tarehe 23 ikatangaza kwamba itanunua hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo ambao serikali inakopa kwa watu, bila kikomo. Angalia hiyo tarehe vizuri, ndiyo ileile hisa zilipogusa sakafu. Siku nne baadaye ikasainiwa sheria ya takriban dola trilioni 2.2, na raia wengi wakapokea hundi ya dola 1,200. Riba ikiwa sifuri, mwenye pesa hana sababu ya kuiacha imelala benki. Anaitafutia pa kwenda, na pa kwenda palikuwa hisa.

Jambo la tatu ndilo wataalamu walilipita haraka, nadhani kwa sababu kwao ni la kila siku. Kampuni tano, yaani Apple, Microsoft, Amazon, Google kwa jina lake la Alphabet, na Facebook, peke yake zilikuwa zaidi ya asilimia 20 ya kipimo kile. Watu walipofungiwa ndani, hizo ndizo walizozitumia zaidi. Kinyozi aliyefunga, mgahawa wa mtaani uliokufa, hawamo katika hizo 500. Kwa hiyo soko halikudanganya. Liliulizwa habari za matajiri, likajibu habari za matajiri.

Kwenye daftari langu kuna ukurasa mzima wa herufi. Wataalamu walikuwa wanabishana uchumi utarudi kwa umbo gani: V, unaanguka na kuinuka palepale, U, unakaa chini kwanza, W, unaanguka mara mbili, L, hauinuki. Binti yangu alikuwa karudi nyumbani kwa sababu chuo kimefungwa, akanisikia narudia herufi hizo gizani akamwambia mama yake baba anajifunza kusoma upya. Herufi iliyokuja kukaa vizuri zaidi ni K: mkono mmoja juu, mmoja chini. Waoneshe K, mwalimu. Wataelewa kabla hujamaliza kuichora.

Wasije wakadhani mimi nilikuwa mjanja. Mwisho wa Machi, baada ya kumsikiliza bwana mmoja mwenye sauti nzito akisema bado hatujaona kitu, nilimpigia dalali nikamwambia auze hisa zangu zote za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hapo ndipo nilipojifunza tofauti yetu na New York. Kule kilichoanguka ni bei. Kwetu kilichokosekana ni mnunuzi. Wiki tatu hisa zangu zilikaa sokoni kama nyanya za jana. Mwishowe nikateremsha bei ziondoke, na zikaondoka, na gawio la miaka iliyofuata wakalila wengine. Nyumbani kwangu jambo hilo halizungumzwi.

*Mimi ni mama lishe, napikia wanafunzi Ng'ong'ona karibu na UDOM. Chuo kilipofungwa 2020 nilibaki na deni la mchele na mkaa. Baadaye nikasikia kwenye redio uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka huohuo. Naomba uniambie ulikua wapi, maana kwangu haukupita.*

Pole mama. Kwako haukupita, na redio haikukudanganya.

Kisa cha kwanza cha ugonjwa kilitangazwa hapa nchini tarehe 16 Machi 2020. Ndani ya siku mbili shule na vyuo vikaambiwa vifungwe, na vyuo havikufunguliwa hadi Juni 1. Kwa anayepikia wanachuo hiyo ni miezi miwili na nusu ya sufuria kavu. Lakini nchi haikufunga masoko, stendi wala mashamba. Mafundi wa reli ya kisasa waliendelea, wa bwawa la Nyerere waliendelea, na hapahapa kwetu Mji wa Serikali Mtumba matofali yalizidi kupangwa. Mama lishe aliyekuwa anapikia mafundi Mtumba alimaliza sufuria zake mwezi uleule wewe unahesabu deni. Dhahabu nayo, ambayo ndiyo kinara wa mauzo yetu ya nje, Agosti ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, kwa sababu wenye pesa duniani walikuwa na hofu, na hofu hununua dhahabu. Upande wa pili, watalii walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Changanya hayo yote kwenye chungu kimoja, ukoroge, ndiyo unapata ile 4.8, kutoka 7.0 ya mwaka wa kabla. Ni wastani, na wastani haujawahi kulipa deni la mchele.

Tena hata wapimaji hawakukubaliana. Takwimu za serikali zilisema 4.8, Benki ya Dunia ikakadiria 2.0. Usishangae sana. Kupima uchumi ambao sehemu yake kubwa ni wewe, mwenye bodaboda na mkulima asiyetoa risiti, ni kukadiria chumvi kwa kuonja mvuke.

Utaniuliza kama serikali haikufanya kitu. Ilifanya. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba inayotoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza pia amana ambazo mabenki lazima yaiwekee, kutoka asilimia 7 hadi 6, ili pesa ya kukopesha iwe nyingi. Nilishangilia, mstaafu wa benki mimi. Kisha jirani yangu anayeuza vitenge Majengo akaniuliza mkopo wake wa kausha damu utashuka lini. Sikuwa na jibu. Nafuu ile ilipita mlango wa benki, na wewe na yeye hamkopi mlango ule. Kilichowafikia ni kidogo: kikomo cha kutuma pesa kwa simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi 5, na cha kuhifadhi kutoka milioni 5 hadi 10. Kwa mwenye milioni 5, ni neema.

*Mzee, nakamua alizeti Kibaigwa, mashine ndogo. Kwenye mazungumzo unayoyasifu nilisikia kwamba mafuta yalifika bei chini ya sifuri. Mbona mafuta ya kula 2021 yalipanda mpaka watu wakawa wanapimiwa kwa kijiko? Wataalamu wako wanajipinga.*

Hawajipingi, ndugu yangu, ni mafuta mawili tofauti. Yaliyofika chini ya sifuri ni ya petroli, yale ghafi ya Marekani. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa kukabidhiwa mafuta mwezi Mei ulifungwa kwa hasi dola 37.63 kwa pipa. Maana yake mwenye mkataba alikuwa anakulipa wewe umwondolee. Magari yamelala, ndege zimelala, matangi ya Cushing kule Oklahoma, ambako mafuta hayo hukabidhiwa, yanakaribia kujaa, na mkataba unaisha kesho yake.

Usiku ule nilikuwa peke yangu nchini, nadhani, niliyeelewa bila kuelezwa. Miaka kadhaa nyuma kiwanda kilichokuwa kimeahidi kuchukua zabibu zetu kiliacha kupokea katikati ya msimu. Zabibu haisubiri. Siku ya pili kreti za chini zilianza kuvuja, ya tatu nyuki na nzi wakawa wamiliki, ya nne majirani wakaja na mdomo. Nikamlipa kijana wa kirikuu akazitupe. Zabibu zangu, shamba langu, na nauli nikatoa mimi. Bei chini ya sifuri naijua kwa harufu.

Ya kula ni habari nyingine. Zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia. Malaysia ilifunga mipaka, vibarua wa kigeni wanaovuna michikichi hawakuingia, matunda yakaoza juu ya mti. Makontena yakawa adimu, nauli za meli zikapanda mara kadhaa. Sisi wakati huo tulikuwa tunaagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta tunayokaangia. Ilipofika Februari 2022 vita ikaanza Ukraine, iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya alizeti duniani, na mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke, kwa takriban wiki tatu na nusu. Ndiyo hicho kijiko ulichokiona.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Singida, Kongwa, kila mtu akapanda alizeti, na 2023 mafuta ya nje yakawa yanaingia kwa unafuu, bei ya mbegu ikaporomoka. Hilo sikulisikia likisemwa na mtaalamu yeyote wa usiku. Nililisikia kwa dereva wa fuso, stendi ya Nanenane.

*Mambo vipi mzee. Naendesha boda Makulu, pikipiki ni yangu, thamani yake kama milioni 2.8. Nikitoa mafuta na matengenezo inaniachia 10,000 kwa siku. Kuna mtaalamu kwenye simu anasema ugonjwa mwingine unakuja, masoko yataanguka kama 2020, na atakayekuwa na pesa mkononi atatajirika. Niiuze nijipange?*

Poa mwanangu. Amekutajia tarehe? Hajataja. Basi kwenye daftari langu hana pa kuandikwa.

Nikupe mfano wa anayeandikika. Aprili 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema uchumi wa dunia utasinyaa kwa asilimia 3.0. Juni likasema 4.9. Oktoba 4.4. Wengi walilicheka. Mimi ndilo nililolipigia mstari, kwa sababu kila lilipobadili lilisema nini kimebadilika. Benki Kuu ya Marekani nayo, 2021 ilisema mfumuko wa bei ni wa kupita. Novemba mwenyekiti wake, Jerome Powell, akaliambia Bunge kwamba neno hilo sasa liwekwe kando, na Juni 2022 mfumuko ukafika asilimia 9.1. Walikosea, lakini walikosea hadharani, unaweza kuwafungulia ukurasa. Huyo wa kwenye simu yako utamfungulia wapi?

Sasa hesabu. Shilingi 10,000 kwa siku 26 ni 260,000 kwa mwezi, milioni 3 na laki moja na ushee kwa mwaka. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipotoka mara ya kwanza, 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95, na watu wakaigombea. Milioni 2.8 ndani yake ingekupa kama 447,000 kwa mwaka. Pikipiki itachakaa, hatifungani haitoboki tairi, na kwenye hizo 260,000 ujira wako wewe uliyeshinda juani umo humohumo, hilo nakubali. Ndiyo maana weka kidogo kidogo pembeni kila wiki, na ikitimia milioni moja, ambacho ndicho kiwango cha chini cha hatifungani, nenda benki yako au kwa dalali na kitambulisho cha NIDA ufunguliwe akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa na hatifungani kwa njia ya kompyuta. Hatifungani utaipata ileile, uwe umeuza pikipiki au hujauza.

Ukikaidi ukaiuza, nipigie kwanza kupitia ofisi ya jarida. Kijana wa kirikuu siku hizi anatafuta pikipiki.