Kiarabu cha Darasani Hakiombi Chumvi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Tanga. Nimesoma madrasa tangu utotoni na nahau naijua vizuri. Hii ni wiki ya sita niko Amman, Jordan. Asubuhi nasoma, jioni narudi kwa familia ya Kipalestina ninayokaa nayo mtaa wa Jabal al-Hussein. Darasani naelewa, nyumbani siambulii kitu. Nikisema fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni, watoto wanacheka. Mama mwenye nyumba ananiita "mama" wakati mimi ndiye mtoto. Tena nalishwa mpaka pumzi inakata. Wenzangu wa Afrika Mashariki wamepanga chumba na wananiita. Nihamie?*
Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Usihame.

Ukienda huko mtasonga ugali, mtapiga soga kwa Kiswahili mpaka usiku wa manane, na Kiarabu chako kitabaki chuoni kikikungoja kesho yake. Nalijua hilo kwa sababu mwaka 2009 nilikuwa mji huo huo, na sanduku langu lilishafungwa zipu. Lililonizuia ni sinia la kahawa.

Familia niliyokaa nayo asili yao ni kijiji kimoja karibu na mji wa Lydda, Palestina. Bibi wa nyumba alifukuzwa huko wakati wa vita, Julai 1948, akiwa na miaka tisa. Mwezi wa kwanza sikumwelewa neno. Badala ya "kif halik", yaani hujambo, yeye alisema "chif halich", nami nikadhani meno ya bandia yanamsumbua. Basi jioni moja nimekaa jikoni, nimenuna, sinia likapita. Mama akaniuliza kama nataka "ahweh". Kijana wake mkubwa akadakia kwamba yeye pia anataka "gahweh". Bibi akasema nipewe mimi kwanza hiyo "kahweh". Sinia moja, kahawa moja, na matamshi matatu! Kumbe kile nilichokiita meno ya bandia ni lafudhi ya wakulima wa kijijini kwake: kafu nzito, ile "q" inayoanza neno "qahwa", huwa "k", na "k" yenyewe huwa "ch". Mama alisema kama wanawake wa mjini, wanaoimeza kafu kabisa. Kijana alisema kama wanaume wenzake wa Amman. Na neno la bibi, aliyelibeba kutoka kijiji alichokiacha, ndilo lililokuwa karibu zaidi na kahawa ya bibi yangu mimi. Nikafungua sanduku.

Kuhusu watoto kucheka, hebu fikiria mgeni anaingia kwenu Tanga na kumwambia mama yako kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Ninatamani kupatiwa maji ya kunywa." Ungecheka usicheke? Ndivyo wanavyokusikia ukisema "uridu an ashraba maa". Nyumbani husemwa "biddi mayy", imeisha hiyo. Fus-ha yako haijapotea. Ndiyo unayoandikia mtihani na kusomea gazeti, na nyumba hiyo wanaielewa wote. Ila haiombi chumvi. Usiwaombe waiseme kwa ajili yako, watachoka siku ya pili na mazungumzo yatakufa. Kaa jikoni uchambue mulukhiyya pamoja nao (ukiionja utaijua, ni mlenda), na kila siku ulizia neno moja tu. Moja, si kumi. Mimi niliuliza kumi, nikaambiwa niende nikalale.

Hilo la kuitwa "mama" wala si kosa. Kwao mzazi humrudishia mtoto jina ambalo mtoto humwita yeye: mama humwita mtoto "mama" au "yamma", baba naye "baba". Kwani huko Tanga hujasikia kitoto cha kike kikiitwa "mama, njoo ule"? Wewe muite "khalto", yaani mama mdogo, au "Umm" na jina la mwanawe wa kwanza wa kiume. Mambo ya Mama Fulani hayo, huna haja ya kufundishwa.

Chakula sasa. Sahani tupu kwao ni ombi la kuongezwa, kwa hiyo acha vijiko viwili vitatu vya wali. Kisha sema "sufra daymeh", sufra yenu idumu daima. Mwisho wa kula kwa heshima ni hapo. Watakujibu "sahtein", afya maradufu, na watajaribu kukuongeza mara moja zaidi. Hiyo mara moja vumilia.

Neno la mwisho. Ukiuliza mtu kwao wapi, unaweza kupewa majibu mawili, Amman na mji ambao hajawahi kuuona. Yote mawili ni ya kweli, usimchagulie. Bibi akianza kusimulia, weka simu chini.

*Mwalimu, nami nakwenda mwakani. Naambiwa Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu. Si nitakuwa nusu njia tayari?*
Msomaji, Mombasa

Nusu njia, ndiyo, lakini njia ina mashimo, na mimi nimeyatumbukia yote.

Nilimwambia mwalimu wangu kwamba somo lake ni "rakhis". Nilikusudia rahisi. Kwao ni bei ya chini, kitu hafifu. Alinyamaza kwanza. Neno nililolitaka ni "sahl", ile sahali yetu.

Nikaomba chumvi mezani kwa kusema "tfaddali", mkono nimeunyoosha. Neno hilo husema anayetoa, si anayeomba. Bibi aliinama akachungulia kiganja changu aone nampa nini. Ukiomba, mwambie mwanamke "law samahti".

Baya kuliko yote ni saa. Nilitoka asubuhi nikaaga kwamba nitarudi "es-saa tintein", saa mbili, ile yetu ya usiku. Kwao ni saa nane mchana, na hapo ndipo chakula kikuu kinapokaribia. Siku hiyo ilipikwa maqluba: kuku, biringani za kukaanga na wali, vyote kwenye sufuria moja ambayo hupinduliwa mezani mbele ya walaji. Walinisubiri mpaka saa kumi, na hakuna aliyethubutu kuipindua. Nilifika usiku nikiwa nimeshiba falafeli.

*Nibebe nini?*
Msomaji, Dar es Salaam

Sweta mbili, maana Amman iko mlimani na baridi yake ni baridi kweli. Zoea pia kuoga kwa maji kidogo: mitaa mingi hupata maji ya bomba kwa zamu, pengine siku moja tu kwa wiki, na mkiyamaliza yaliyo kwenye tangi la juu ya paa mmemaliza. Zawadi ni karafuu na khanga. Mimi nilipeleka ya "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mama akataka tafsiri. Nikahangaika na irabu robo saa nzima mpaka nikaifikisha, wote wakatikisa vichwa kwa kuridhika, isipokuwa bibi, aliyeonekana ana wasiwasi. Akauliza nani mgonjwa.