Wasomaji Wanauliza: Ndege wa uani wakati wa theluji

SWALI: Tangu theluji ianze nawamwagia ndege makombo ya mkate chini. Wanayamaliza, lakini wiki hii nimekuta shomoro wawili wamekufa. Ni baridi au ni chakula?

JIBU: Huenda ni vyote viwili. Ndege mdogo huunguza mafuta ya mwilini usiku kucha ili asife baridi, na kukicha anaweza kuwa amepoteza hata asilimia 10 ya uzito wake. Mkate humjaza tumbo tu. Mpe mbegu nyeusi za alizeti (ganda jembamba, kiini chenye mafuta tele), karanga mbichi zilizopondwa, zisizo na chumvi wala ukungu, au shahamu. Hiyo shahamu yeyusha kwa moto mdogo, sehemu 1 kwa sehemu 2 za mbegu, mimina kikombeni, acha igande. Mafuta yaliyobaki kikaangoni yaache: yana chumvi, tena hunata kwenye manyoya, na manyoya yaliyoshikamana hayazuii baridi.

Weka chakula alfajiri, kisha tena saa 1 au 2 kabla ya jua kuzama, kiasi cha kuisha siku hiyo. Kinacholala huita panya.

Sasa tuje kwa wale waliokufa. Chakula cha chini huloa na kuchanganyika na mavi, na hapo maradhi huambukizana haraka. Kila ndege hututumua manyoya kwenye baridi, kwa hiyo hiyo si dalili. Tazama yule asiyeruka hata ukimkaribia. Ukimwona, acha kulisha kwa wiki 2 ili watawanyike. Osha chano (sinia la kuwawekea chakula) kwa sabuni, kiloweke dakika 10 kwenye sehemu 1 ya klorini ya kufulia na 9 za maji, suuza, kikauke kabisa. Vaa glavu, na mizoga usiishike kwa mikono mitupu. Ukianza upya, tundika chano juu, na ukioshe walau kila wiki 2.

SWALI: Maji yao yanaganda kila mara. Nitie chumvi kidogo?

JIBU: Hapana, wala dawa ya rejeta (ile ya kuzuia maji ya gari yasigande), ambayo ni sumu. Gonga barafu itoke, mimina maji ya uvuguvugu asubuhi na mchana, kina cha sentimita 3 hadi 5. Usimimine yanayochemka: bakuli la udongo lililoganda litapasuka mikononi mwako.